Ama Mlinzi, Ama Lori

4 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na cherehani nayo nzima, maana najua ukiulizwa habari unaanza kujibu ya cherehani kabla ya ya mwili. Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka linanyamaza. Baba hajambo, anakusalimu, na anasema lile geti la chuma alilokuletea usilifanye kamba ya kuanikia nguo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unaijua simu ya nyumba hii. Nikisema tu "Haloo, shangazi," Baba keshaninyang'anya, mnabaki kugombana kaka na dada, na mimi nimekodoa macho kama mgeni.

Sasa jambo lenyewe. Watu wamempa Baba habari kwamba taa yako haizimwi usiku, na kwamba wanaopita alfajiri wanakuona umekaa kwenye kiti cha cherehani, hushoni. Baba ameshajijibu mwenyewe kwamba unaogopa wezi tangu marehemu mumeo alipotuacha. Amesema, na haya ni maneno yake si yangu: "Ama apate mlinzi, ama naenda na lori kumhamisha." Najua nyumba hiyo marehemu aliijenga kwa mikono yake, kila mlango na kila dirisha kalipiga randa mwenyewe. Najua pia hutoki humo kwa miguu yako. Kwa hiyo nimekutafutia mlinzi.

Ni mbwa. Usiikunje barua, endelea kusoma. Ameletwa hapa kliniki yetu ya mifugo kutoka uwanja wa mashindano. Ni mbwa wa mbio, amekimbia tangu ujana wake, sasa amestaafu na wenyewe hawana haja naye tena. Dereva anayetuletea chakula cha mifugo atamshusha mlangoni kwako. Baba nimemwambia ni mbwa mrefu, ana kifua kipana, na pikipiki haimfikii. Yote hayo ni kweli.

Ni mimi mwanao,
Kiherehere

20 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Mimi mzima, cherehani nzima, ila mkanda wake umelegea. Mpe mama yako pole ya goti. Baba yako mwambie geti lake sijalianikia nguo hata moja, nimelitundikia mapazia ya mteja.

Mzigo wako umefika. Dereva alifungua mlango wa nyuma, ikashuka mifupa imevaa ngozi. Nikamuuliza, "Mbwa yuko wapi?" Akasema, "Ndiye huyu, mama." Nikamwambia mlichomfanyia kiumbe huyu mtakijibu mbele ya Mungu. Maskini dereva wa watu akaondoka hata maji hakunywa.

Nimemchukua vipimo, maana mimi nisichokielewa hukipima kwanza. Kifua cha bondia, kiuno cha bibi harusi. Shingo yake nene kuliko kichwa, kwa hiyo ule mkanda aliokuja nao ulivuka masikio wenyewe, nikabaki nimeshika kamba na mkanda mtupu, mwenyewe kasimama pembeni ananionea huruma. Nikamwambia keti. Haketi. Anashuka nusu, anaghairi, kama mtu aliyeona kiti kina maji. Vidaraja vya ngazi ya mlangoni kavitazama kama ghorofa. Nimempandisha mguu mmoja mmoja, wa mbele kisha wa nyuma, na mtaa mzima umetoka kutazama sinema ya bure. Kwenye vigae vyangu vinavyoteleza anatembea kama kaazima viatu.

Kubweka hajui. Fundi wa umeme aliingia, akasoma mita, akatoka. Mlinzi wako alimwegemea. Nasema alimwegemea: kamsogelea, kamlazia mwili wote pajani, kashusha pumzi, na fundi wa watu akaona haya kuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ameomba mto.

Nampikia sufuria nzima, anamaliza, na mbavu bado ziko palepale. Nimpe nini anenepe? Sijasema simtaki. Nimesema simwelewi.

Shangazi yako

3 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena na tena. Hatujambo. Mama amepewa dawa ya kupaka, sasa nyumba nzima inanuka goti. Baba amecheka habari ya mapazia, akajifanya anakohoa.

Acha kumjazia sufuria, tafadhali! Ndivyo alivyoumbwa. Mbavu za nyuma lazima zionekane kidogo, zikipotea kabisa ndipo uniite. Mpe asubuhi kiasi na jioni kiasi, na umpige mswaki, maana mbwa hawa wana meno mabovu kuliko wazee. Hana nyama ya kulalia, mifupa yake inagusa chini, kwa hiyo sakafu ngumu itamtoa vidonda. Mtandikie kitu laini, na awe ndani. Najua watu watasema mbwa gani wa kulazwa ndani. Waache waseme. Nywele zake fupi, ngozi yake nyembamba mno, kijiti tu kikimparuza inachanika na inabidi ishonwe, na hapo ufundi wako hautafaa.

Shingo, mpelekee fundi viatu vipimo amshonee mkanda mpana, wenye kitanzi kinachojikaza kidogo akirudi nyuma bila kumkaba. Na kamba usimfungulie kamwe mahali pa wazi, hata akutazame kwa macho gani. Kwa watu ni mpole kupita kiasi, lakini kitu kidogo kinachokimbia kinamtoa akili: paka, kuku, hata mfuko unaopeperushwa na upepo. Akishachomoka hakusikii. Si kiburi, ndiyo kazi aliyofundishwa tangu mdogo. Vidaraja vyako vilimshinda kwa sababu hajawahi kuviona. Maisha yake yote yalikuwa banda na uwanja.

Watu wakisikia mbwa wa mbio wanadhani atakutoa roho kwa matembezi. Mzungushe asubuhi, mzungushe jioni, basi. Muda uliobaki atakuwa amejinyoosha tu.

Kuhusu kubweka, Baba naye ameuliza. Nimemjibu kimya kingi kina mshindo mkuu. Ameridhika nusu. Barua zako huwa namsomea baada ya chakula, kwa hiyo ukipata la kuandika kuhusu ulinzi, shangazi, usilifiche.

Kiherehere

12 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya. Mkono wa kulia umefungwa bandeji, ndiyo maana mwandiko umekuwa kama wa kuku. Sindano ya cherehani imenipitia. Muuguzi wa zahanati ameniambia nisishone mpaka pakauke. Nimeshona.

Haya sasa, ya ulinzi. Mkalishe baba yako, umsomee kwa sauti.

MBWA HUYU HALALI. Usiku kucha yuko macho, kaukodolea mlango, hapepesi. Nimempa jina, nimemwita Mkesha. Fundi viatu alipomletea mkanda alisimama akamwangalia weee, akaniuliza, "Mama, jicho hili halifumbi?" Nikamwambia halijui hata njia ya kufumba. Habari imeenea mtaani, mwizi akitaka kuja itabidi atume barua kwanza. Kwa hiyo kaka yangu lori alipangie kazi ya matofali.

Nimemshonea godoro, nimelijaza mabaki ya sare za shule. Analala, yaani anakesha, juu yake.

Mkono unauma, naishia hapa.

Shangazi yako

26 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole sana ya mkono. Baba nimemsomea. Pale kwenye "hapepesi" alipiga paja, akasema, "Huyo sasa ndiye mbwa!" Kesho yake kawasimulia kazini. Na watu wake wa huko kwenu wamemwambia taa yako siku hizi inazimwa mapema. Mama aliposikia kwamba umeanza kulala aliingia chumbani akatoka macho mekundu, akasingizia dawa ya goti.

Karatasi hii ya pili ni yako peke yako, sitamsomea mtu.

Shangazi, mbwa wa aina hii wengi hulala macho wazi. Unamwona anakutazama, kumbe yuko usingizini fofofo. Nilijiuliza siku nyingi nikuandikie au ninyamaze, maana kama ulinzi wake ndio unaokupa usingizi, sitaki kuwa mimi wa kukunyang'anya. Lakini naogopa jambo jingine zaidi. Usimguse akiwa amejinyoosha, hata kama macho yako wazi. Mwite jina kwanza, subiri sikio litikisike, ndipo umsogelee. Bandani kila mmoja alilala peke yake, hakuzoea kuguswa usingizini, na akishtuka anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Si ubaya wake. Na wateja wanaokuja na watoto, waambie hivyohivyo.

Na huo mkono. Umeshona tangu mimi sijazaliwa, sindano haijawahi kukupitia. Na tundu la sindano halifungiwi bandeji ya mkono mzima. Mimi nafunga bandeji kila siku, shangazi.

Kiherehere wako

30 Juni

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Baridi imeingia, vidole vinagoma asubuhi, lakini sare za shule hazijui baridi. Wasalimie wote.

Mkesha alikuwa anatetemeka mpaka godoro linasogea, nimemshonea koti. Kola ndefu ya kufunika shingo, mkanda wa tumboni, bitana laini isimchubue. Katika maisha yangu sijapata mteja wa namna hii: vipimo habadilishi, rangi hachagui, na hasemi "shangazi nibanie hapa." Mtu akipishana naye barabarani lazima ageuke. Meno nampiga mswaki. Akifurahi anayagonga meno yake taratatata kama mwenye homa, mara ya kwanza nilivaa viatu nimpeleke zahanati.

Paka wa jirani yangu, yule mwalimu mstaafu, alikatiza mbele yetu juzi. Mwanangu! Nimeruka mtaa mzima kama bendera. Nilishika nguzo, nikaita majina ya wazee wote, na mkanda wa fundi viatu ukashika. Paka yuko juu ya paa, hataki mazungumzo na mtu. Mkesha alirudi nyumbani ananilamba viganja kama aliyenifanyia hisani.

Karatasi ya pili nimeiona. Ilikuwa na ukubwa mzuri, nimechorea kola ya koti.

Mkono umepona. Yale mengine uliyouliza nitayajibu nikipata nafasi. Huu ni msimu wa sare.

Shangazi yako

9 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho.

Baba alinipitia kazini, akamkuta daktari wetu mlangoni, akaanza kumtambia kwamba dada yake ana mbwa wa mbio asiyelala. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamweleza yote: kwamba wanalala kutwa, kwamba wanalala macho wazi, kwamba hawabweki, na kwamba mwizi akiingia ataegemewa. Baba hakucheka. Tulipofika nyumbani akasema, "Wewe na shangazi yako mmenifanya mtoto." Jumamosi ya wiki ijayo anakuja, na lori ameshaliagiza.

Ya mkono wako sikumwambia. Akijua kwamba mbwa ameuma, kama kweli ameuma, hatamwacha hata siku moja, na wewe hatakuacha.

Nilitaka ubaki kwako, shangazi. Naona nimekutoa mwenyewe. Nakupenda mno na nina aibu kubwa. Kama kuna neno ambalo hujawahi kumwambia Baba, mwambie sasa, mimi yangu yamekwisha.

Kiherehere

23 Julai

Mwanangu, kipenzi changu,

Marahaba. Futa machozi kwanza. Mimi mzima, na nakuandikia kutoka meza ileile ya kukatia. Najua baba yako amerudi na hajakuambia kitu, anakula anatazama ukuta. Ndivyo alivyo tangu utoto, jambo likimwingia moyoni mdomo unafungwa kwa kufuli. Basi nitakuambia mimi.

Alifika na lori na wapakiaji. Hata kukaa hakukaa. "Dada, funga vitu." Nikamwambia, "Kaa kwanza." Akasema, "Sikai, nikikaa utaniongopea tena." Mkesha akaamka, akajinyoosha, akaja kumwegemea. Baba yako anarudi nyuma, mbwa anaegemea, anarudi nyuma, mbwa anaegemea, hadi mgongo wake ukafika kwenye kabati. "Mbwa gani huyu anageuza watu ukuta?" Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Aliyebanwa na kabati husikiliza.

Nikamfunulia mkono. Makovu yako nyuma ya kiganja, manne, hata mtoto angejua ni ya meno. Nikamwambia ameniuma, mwanzoni mwa Mei, na nimewaficha wote. Uso wake ukabadilika, akaanza kumwita mpakiaji. Nikamwambia, "Bado. Sasa nisikilize niliyokuficha tangu msiba."

Mwanangu, mimi wezi siwaogopi. Wezi wataiba nini, vifungo? Marehemu alifariki pembeni yangu. Nilikuwa nimelala. Mtu niliyelala naye kitanda kimoja maisha yangu yote alikata roho nimempa mgongo, na mimi sikusikia hata pumzi ikibadilika. Asubuhi nilimgeukia, macho yako wazi, nikamwambia, "Umeamka mapema leo." Nilimsemesha, Kiherehere. Nilimsemesha mambo ya chai.

Tangu siku hiyo usingizi niliuona ni adui. Nikakaa kwenye kiti, taa inawaka, nasikiliza sijui nasikiliza nini. Watu wakasema anaogopa wezi, nikawaacha, maana wezi ni rahisi kusema. Baba yako akaleta geti. Nikasema ahsante.

Kisha ukanitumia huyu. Siku ile nilitoka jikoni nikamkuta kalala chini ya meza, macho wazi, hatikisiki. Nilijua nimeona kitu kilekile. Nikasema, na huyu naye, na mimi nipo papa hapa. Nikajitupa chini, nikambandika mkono mbavuni. Akashtuka, akanidaka. Meno yakaingia. Alipojua ni mimi akaniachia, akakimbilia nyuma ya mapazia ya mteja, anatetemeka kuliko mimi. Nami nimekaa sakafuni, damu inachuruzika kwenye kitambaa cha watu, nacheka kama mwehu. Kaniuma! Maiti haiumi mtu, mwanangu.

Kwa hiyo karatasi yako ya pili ilikuja nimeshaisoma kwenye ngozi. Nilishajua kwamba analala, nilishajua nimwite kwanza. Ninyi ndio niliowaambia hapepesi, kwa sababu mlitaka mlinzi. Mimi nilichokitaka ni pumzi ya mwingine chumbani. Anakoroma kidogo, anapiga miguu, yuko mashindanoni huko ndotoni, na mimi namsikiliza mpaka nasahau kusikiliza. Kiti nimekirudishia cherehani. Nalala kitandani, kile alichokitengeneza marehemu.

Baba yako alinisikiliza mpaka mwisho, bado kabanwa na kabati. Akasema, "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia, "Ungeniletea geti jingine." Akataka kucheka, kikatoka kilio. Kaka yangu mkubwa, mwanangu, sijamwona akilia tangu tuko wadogo. Nikamshika upande mmoja, Mkesha kamshika upande mwingine, na wapakiaji wako mlangoni wamekunja mikono hawajui watazame wapi. Alipopata sauti akawaambia, "Rudini kwenye gari, hakuna mzigo." Kabla ya kuondoka alimwita Mkesha jina, akasubiri sikio litikisike, ndipo akamgusa kichwa. Ameagiza umtumie dawa ya meno. Na wewe amekusamehe, atakuambia mwenyewe ukifika msimu mwingine wa baridi.

Nimalize, maana leo nina mteja amenuna. Mwalimu mkuu alikuwa achukue sare asubuhi na mapema kabla ya kengele. Jana nilizima taa, nikapanda kitandani, na nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshafika kwenye cherehani. Jirani anasema mwalimu alibisha, akaita, akapiga dirisha, akaokota jiwe akapigia mlango mpaka mtaa ukatoka. Hatukusikia, si mimi wala mlinzi.

Shangazi yako